Ramani Iliyobadilishwa: Uchambuzi wa Kisa cha Walmart Nchini Meksiko na Tuzo ya Pulitzer ya 2013

Tarehe 15 Aprili 2013, Bodi ya Tuzo za Pulitzer katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ilitangaza kwamba tuzo ya uandishi wa habari za uchunguzi ya mwaka huo imekwenda kwa David Barstow na Alejandra Xanic von Bertrab wa gazeti la The New York Times. Maelezo ya tuzo yalikuwa sentensi moja tu: wawili hao walitunukiwa kwa taarifa zao kuhusu jinsi Walmart, kampuni ya Marekani ya maduka ya rejareja, ilivyotumia hongo iliyoenea ili kulitawala soko la Meksiko, taarifa ambazo zilileta mabadiliko katika utendaji wa kampuni hiyo. Kazi hiyohiyo ilikuwa imekwishapata Tuzo ya George Polk katika fani ya habari za biashara. Miaka sita baadaye, Juni 2019, Walmart ilikubali kulipa jumla ya dola milioni 282 ili kumaliza uchunguzi wa serikali ya Marekani, lakini hakuna mtendaji wake aliyeshtakiwa, na kampuni pekee iliyosimama mahakamani na kukiri kosa ilikuwa tanzu yake ya Brazil, si ya Meksiko.

Pengo hilo ndilo linalokifanya kisa hiki kistahili kuchambuliwa kwa kina. Bodi ya tuzo ilitamka bila kusitasita jambo ambalo waendesha mashtaka wa Marekani, wenye uwezo wa kudai nyaraka kwa amri na kuhoji watu chini ya kiapo, walilitamka baadaye kwa tahadhari nyingi. Je, bodi ilikuwa na haki ya kusema hivyo? Kwa maoni yangu ilikuwa na haki kwa sehemu kubwa, ingawa si kwa kila neno la sentensi yake, na msingi wa haki hiyo ni namna waandishi walivyothibitisha siri waliyoifichua, zaidi kuliko ukubwa wa siri yenyewe.

Barua pepe ya Septemba 2005

Kisa kilianza ndani ya kampuni. Mnamo Septemba 2005, Maritza Munich, aliyekuwa mwanasheria mkuu wa kitengo cha kimataifa cha Walmart, alipokea barua pepe kutoka kwa Sergio Cicero Zapata, mwanasheria ambaye kabla ya kuacha kazi mwaka uliotangulia alikuwa akisimamia upatikanaji wa vibali vya ujenzi katika Walmart de México, kampuni tanzu ya Walmart nchini Meksiko. Cicero alieleza kwamba kwa miaka kadhaa yeye mwenyewe alipanga malipo ya hongo kwa maofisa wa serikali ili maduka mapya yapate vibali, na kwamba wakubwa wake walilijua jambo hilo na kuliunga mkono. Lengo, kwa maelezo yake, lilikuwa kujenga maduka kwa kasi ambayo washindani wasingepata muda wa kujibu.

Njia iliyotumika ilikuwa ya kawaida kabisa kwa sura. Nchini Meksiko kuna mawakala waitwao gestores, ambao hulipwa ili kufuatilia makaratasi katika ofisi za umma, kupanga foleni, kujaza fomu na kukumbusha pale faili linapokwama. Kazi yao ni halali na inajulikana na kila mwenye shughuli na serikali, na kwa sababu hiyo malipo kwao hayamshtui mhasibu. Kwa mujibu wa Cicero, gestores wawili walioaminiwa walipokea fedha kutoka kampuni, wakachukua ujira wao, na kilichobaki wakakifikisha kwa maofisa. Ankara zao ziliandikwa kwa maneno ya jumla yasiyoeleza kitu, ila zilibeba alama fupi za siri, na aliyezijua alama hizo aliweza kusoma ni jambo gani lisilo la kawaida lililokuwa limelipiwa. Alama hizo ni vyema zikumbukwe, kwa kuwa zitajitokeza tena miaka kumi na minne baadaye katika mahali pasipotarajiwa.

Wachunguzi wa ndani waliotumwa Mexico City mwishoni mwa mwaka 2005 walikuta kumbukumbu za malipo yenye shaka yaliyozidi dola milioni 24. Kati ya hizo, kiasi cha dola milioni 8.5 zilikwenda kwa gestores wawili waliotajwa, na kiasi cha dola milioni 16 ziliandikwa kuwa michango na misaada kwa serikali za mitaa. Walipendekeza uchunguzi upanuliwe.

Haukupanuliwa. Kampuni ya uwakili ya Willkie Farr & Gallagher ilikuwa imependekeza uchunguzi kamili wa nje, lakini viongozi wa Walmart huko Bentonville, Arkansas, yaliko makao makuu yake, walichagua uchunguzi mdogo wa ndani, na mapema mwaka 2006, baada ya malalamiko kwamba wachunguzi wao wenyewe walikuwa wakali kupita kiasi, faili lilikabidhiwa kwa mwanasheria mkuu wa Walmart de México, mtu ambaye Cicero alikuwa amemtaja miongoni mwa walioidhinisha malipo. Taarifa yake haikumkuta mtu na hatia. Munich, ambaye alikuwa amepinga utaratibu wa watuhumiwa kujichunguza, aliondoka katika kampuni. Aliyekuwa mkuu wa tanzu ya Meksiko katika miaka ya upanuzi ule alipandishwa vyeo hadi kufikia umakamu mwenyekiti wa kampuni mama.

Taarifa ya kwanza na udhaifu wake

Tarehe 22 Aprili 2012 gazeti lilichapisha taarifa ya kwanza, ambayo kiini chake kilikuwa ufichaji. Ilionyesha nani alijua, lini alijua, na ni mkutano gani au barua gani iliyoizima hoja. Ilitegemea nyaraka za ndani za kampuni pamoja na mahojiano na Cicero yaliyozidi saa 15. Siku ya kwanza ya soko baada ya kuchapishwa, hisa za Walmart zilishuka kwa karibu asilimia 5, na thamani ya kampuni ikapungua kwa kiasi cha dola bilioni 10.

Mpangilio wa tarehe hapa una maana kuliko unavyoonekana. Walmart iliiarifu Wizara ya Sheria ya Marekani mnamo Desemba 2011, yaani miezi kadhaa kabla ya taarifa kuchapishwa, na kwa msomaji wa haraka hilo linaweza kuonekana kama kampuni iliyojisalimisha kwa hiari. Hata hivyo, ilifanya hivyo baada ya kufahamu kwamba waandishi walikuwa wakiuliza maswali. Miaka sita ilikuwa imepita tangu wachunguzi wake wenyewe waweke matokeo mezani, na katika miaka hiyo sita hakuna aliyeona haja ya kupiga simu Washington. Baada ya hapo wabunge wawili wa Marekani, Elijah Cummings na Henry Waxman, walifungua uchunguzi wao, na Januari 2013 walitoa barua pepe zilizoonyesha kwamba Mike Duke, ambaye kufikia wakati huo alikuwa mkurugenzi mkuu wa Walmart, alikuwa ameelezwa tuhuma hizo tangu mwaka 2005.

Taarifa ya kwanza ilikuwa na nguvu kubwa dhidi ya Bentonville, lakini ilikuwa na udhaifu mmoja ambao mtetezi yeyote wa kampuni angeuona mara moja. Kuhusu hongo yenyewe, shahidi mkuu alikuwa mtu mmoja, aliyekuwa ameshiriki katika tendo analolilalamikia, na aliyekiri kwamba aliumia aliponyimwa cheo cha mwanasheria mkuu wa tanzu. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa anasema kweli tupu, na mara nyingi ndiye pekee anayeijua kweli hiyo, lakini neno lake peke yake halitoshi kuitwa ukweli uliothibitishwa. Tena palikuwa na utetezi wa pili, uliosikika sana wiki zile: kwamba Meksiko ndivyo ilivyo, kwamba hakuna anayejenga pale bila kutoa kitu kidogo, na kwamba kampuni ya kigeni ilikuwa imejikuta katika mazingira ambayo haikuyaumba.

Naisoma taarifa ya pili kama jibu kwa utetezi huo wote kwa pamoja, na ndiyo iliyostahili tuzo.

Shamba la alfalfa karibu na piramidi

Taarifa ya pili ilitoka Desemba 2012 ikiwa na majina ya waandishi wote wawili juu yake. Badala ya kuendelea kumsikiliza Cicero, waandishi walikwenda kwenye ofisi za vibali. Walibaini viwanja 19 katika maeneo mbalimbali ya Meksiko ambavyo malipo ya hongo yalihusishwa navyo, kisha wakakusanya kumbukumbu za vibali vya kila kiwanja, nyingi kati yake kwa kutumia sheria za Meksiko za haki ya kupata taarifa za umma. Halafu wakaweka tarehe za malipo kando ya tarehe za vibali. Mara kwa mara zilikutana: fedha zilipotoka, kibali kilichokwama kilitoka.

Ni vyema kueleza mbinu hii inathibitisha nini na haithibitishi nini, kwa sababu wengi wanaoisifu huiona kama uchawi. Kukutana kwa tarehe mbili mara moja ni sadfa inayowezekana. Kukutana mara tano kunaleta mashaka. Kunapojirudia katika viwanja vingi, chini ya ofisi tofauti na maofisa tofauti, huku kitu pekee kinachofanana kikiwa ni mlipaji, maelezo ya sadfa yanakuwa magumu kushikilia kuliko maelezo ya hongo. Hata hivyo mbinu hii haimwonyeshi ofisa akipokea bahasha, wala haisemi alichoambiwa alipoipokea. Inaonyesha mpangilio wa malipo, na kuhusu mtu mmoja mmoja haina la kusema. Mahakama ya jinai inamtafuta mtu, ilhali hoja ya waandishi ilihusu kampuni na utaratibu wake wa kazi. Kwa hoja hiyo, mpangilio ulitosha.

Kisa cha Teotihuacán kinakwenda mbali zaidi ya mpangilio. Teotihuacán ni mji wa kale wa piramidi kaskazini-mashariki mwa Mexico City, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1987. Walmart de México ilitaka kujenga duka lake la Bodega Aurrera katika shamba la alfalfa (majani ya malisho) lililokuwa umbali wa takribani kilomita moja na nusu kutoka eneo hilo. Mwaka 2003 manispaa ilikuwa ikipitisha mpango mpya wa matumizi ya ardhi, na katika ramani iliyopitishwa shamba lile halikuruhusiwa kuwa na jengo la biashara la aina hiyo. Kwa kampuni ya kawaida jambo lingeishia hapo, au lingeanza safari ndefu ya kuomba mpango urekebishwe hadharani.

Lakini kisheria ramani haikuwa na nguvu mpaka ichapishwe katika gazeti rasmi la serikali ya jimbo. Kati ya siku ya kupitishwa na siku ya kuchapishwa palikuwa na nafasi, na katika nafasi hiyo, kwa maelezo ya Cicero, ofisa mmoja alilipwa dola 52,000 ili aibadilishe ramani kabla haijapelekwa kwa mpiga chapa. Ilipochapishwa, shamba la alfalfa lilikuwa limo katika eneo la biashara. Duka lilifunguliwa Novemba 2004, baada ya maandamano na mgomo wa kula wa wakazi na watu wa utamaduni waliouliza, bila kupata jibu la maana, jengo kama lile limepataje vibali mahali kama pale.

Waandishi waliipata ramani kama ilivyokuwa kabla ya mabadiliko, wakailinganisha na iliyochapishwa. Tofauti ilikuwa pale pale ambapo Cicero alisema ingekuwa. Hapa ushahidi haukuhitaji tena kumwamini mtu mwenye kinyongo. Kinyongo cha Cicero hakikuweza kuchora mistari ya ramani iliyokaa katika kumbukumbu za ofisi ya mipango miji, na mtu aliyetaka kumpinga alilazimika kueleza ramani hizo mbili zimetofautianaje na kwa nini tofauti yake imemnufaisha mtu mmoja. Katika uandishi wa uchunguzi wa rushwa ya kibiashara, nyaraka za aina hii ni adimu sana, kwa kuwa rushwa nyingi huacha alama katika vitabu vya mtoaji tu, na kwa upande wa serikali huacha saini iliyo halali kwa sura. Pale ramani yenyewe ya umma ilikuwa na alama ya kughushiwa.

Mifano mingine ya taarifa hiyo ilikuwa na fedha nyingi zaidi. Malipo manane ya jumla ya dola 341,000 yalihusishwa na ujenzi wa duka la Sam's Club, ambalo nalo ni la Walmart, karibu na Basilika la Guadalupe, katika mojawapo ya maeneo yenye msongamano mkubwa wa watu Mexico City, bila leseni ya ujenzi wala kibali cha mazingira. Malipo tisa ya jumla ya dola 765,000 yalihusishwa na ghala kubwa la baridi kaskazini mwa jiji, katika bonde linalofurika maji na lenye uhaba wa umeme kiasi kwamba wajenzi wadogo walikuwa wakikataliwa. Ukiyaweka hayo pamoja, utetezi wa "ndivyo ilivyo Meksiko" unakosa mguu wa kusimamia. Mtu anayetoa kitu kidogo ili kibali anachostahili kisicheleweshwe ni mhanga wa mfumo kwa kiasi fulani, na sheria ya Marekani ya mwaka 1977 inayozuia kampuni kuwahonga maofisa wa nchi nyingine ina msamaha finyu kwa malipo madogo ya kuharakisha kazi ya kawaida ya ofisi. Anayelipa ili apewe kile ambacho sheria imekikataza yuko nje kabisa ya msamaha huo, na taarifa ilimweleza hivyo: mhongaji mbunifu na mwenye pupa, si mteja aliyekamuliwa.

Jina la pili kwenye tuzo

Barstow hakuwa mgeni wa tuzo. Kazi yake ilikuwa imehusishwa na Pulitzer ya mwaka 2004, na mwaka 2009 aliipata ya habari za uchunguzi. Xanic alijulikana zaidi nchini kwake. Akiwa mwandishi kijana wa gazeti la Siglo 21 la Guadalajara, aliandika kuhusu harufu ya gesi katika mifereji ya majitaka ya mji, na habari hiyo ilikuwa gazetini asubuhi ya tarehe 22 Aprili 1992, siku ambayo mifereji ililipuka na kuua zaidi ya watu 200. (Taarifa ya kwanza ya Walmart ilitoka siku iyohiyo ya mwaka, miaka 20 kamili baadaye, na sidhani kama kuna aliyeipanga hivyo.)

Nataja hili kwa sababu ya desturi moja isiyopendeza ya tuzo za kimataifa. Uchunguzi unaofanyika katika nchi nyingine kwa kawaida hutegemea mwandishi wa huko, anayejua ofisi ipi ina faili lipi, na sheria ipi inamlazimisha karani kulifungua. Jina lake huishia chini ya habari, kwa herufi ndogo, na medali huenda kwingine. Taarifa ya Aprili 2012 ilikuwa na jina la Barstow peke yake juu, huku Xanic akitajwa miongoni mwa waliochangia. Ya Desemba ilikuwa na majina yote mawili. Kwa kuwa kazi iliyotuzwa ilikuwa mfululizo wote, jina la pili likaingia kwenye tuzo, na kwa haki kabisa, maana hoja ya vibali na tarehe isingeweza kujengwa kutoka New York.

Sheria ilisema nini

Kwa miaka mingi ilionekana kana kwamba sheria ingesema kidogo sana. Oktoba 2015 gazeti la The Wall Street Journal liliripoti kwamba uchunguzi wa serikali haukuwa umepata dalili nyingi za makosa makubwa nchini Meksiko, na kwamba ushahidi wa hongo ndogondogo ulikuwa umejitokeza zaidi India. Waliokuwa wakiitilia shaka tuzo walipata la kushika. Wanahisa nao walikwenda mahakamani: mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Delaware iliidhinisha amri ya kuitaka Walmart iwape wanahisa nyaraka za uchunguzi wake wa ndani, zikiwemo ambazo ingezizuia kama mawasiliano ya siri na mawakili, na mwaka 2018 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 160 katika kesi ya wanahisa walioongozwa na mfuko wa pensheni wa Michigan.

Kisha yakaja makubaliano ya Juni 2019, yaliyogusa Brazil, China, India na Meksiko. Wizara ya Sheria ilipata dola milioni 138, Tume ya Dhamana na Masoko ya Hisa ikapata zaidi ya dola milioni 144, na kampuni ikakubali kuwa na msimamizi huru wa uzingatiaji wa sheria kwa miaka miwili. Brazil ndiko kulikotoa kioja kilichosambaa zaidi, wakala mmoja aliyeitwa mchawi ndani ya tanzu ya huko kwa jinsi alivyofanya vibali vitokee haraka. Msingi wa kisheria wa makubaliano ulikuwa udhaifu wa mifumo ya udhibiti wa hesabu, ambao ni rahisi zaidi kuuthibitisha kuliko hongo yenyewe: mwendesha mashtaka hahitaji kumpata ofisa aliyepokea, anahitaji kuonyesha tu kwamba kampuni iliacha fedha zitoke bila kujua, au bila kutaka kujua, zinakwenda wapi.

Hata hivyo sehemu ya Meksiko katika maelezo ya serikali inastahili kusomwa polepole. Ilieleza kwamba mwaka 2005 mwanasheria wa zamani wa tanzu aliiarifu Walmart kuwa alisimamia mpango wa malipo yasiyofaa kupitia mawakala, na kwamba ankara za mawakala hao zilikuwa na alama zilizoonyesha sababu ya malipo: kukwepa sharti fulani, kupata au kuathiri taarifa ambazo ofisa alikuwa nazo kwa siri, au kufuta faini. Hizo ndizo alama za siri zilizoelezwa gazetini Aprili 2012. Serikali ilizirudia bila kumtuhumu mtu yeyote kwa jina, na ilipokokotoa adhabu ilitoa punguzo la asilimia 25 kwa Brazil, China na India lakini asilimia 20 tu kwa Meksiko, ikieleza kwamba katika uchunguzi wa Meksiko kampuni ilichelewa kutoa baadhi ya nyaraka na taarifa, na ilimhoji shahidi mmoja kabla ya serikali kinyume cha ombi lake. Asilimia tano hizo ni kidogo kwa fedha, ila kwangu zinasema zaidi ya kurasa nyingi za makubaliano yenyewe.

Pale sentensi ya bodi ilipozidi

Nimesema bodi ilikuwa na haki kwa sehemu kubwa. Sehemu inayobaki ni maneno kuhusu kulitawala soko. Kwamba hongo ilitolewa kwa nia hiyo, Cicero alisema na mpangilio wa malipo unamwunga mkono. Kwamba hongo ndiyo iliyoipa Walmart nafasi yake Meksiko, hilo halikuonyeshwa. Kampuni iliingia nchini mwaka 1991 kwa ubia na Cifra, kampuni ya maduka ya Meksiko, ikachukua umiliki mkubwa mwaka 1997, na kufikia 2012 duka moja kati ya kila matano ya Walmart duniani lilikuwa Meksiko. Viwanja 19 ni ushahidi mzito wa namna ya kufanya kazi, lakini ni sehemu ndogo ya mtandao wa maduka zaidi ya 2,000. Mtaji, bei na ununuzi wa jumla navyo vilifanya kazi yake.

Jambo la pili ni zile dola milioni 24, tarakimu iliyonukuliwa kuliko zote. Theluthi mbili yake ilikuwa michango kwa serikali za mitaa, na mchango unaoingia katika hazina ya manispaa, hata ukitolewa kwa wakati unaotia shaka, ni kitu tofauti kisheria na fedha inayoingia mfukoni mwa ofisa. Waandishi walilitenganisha hilo. Walionukuu baada yao hawakulitenganisha, na tarakimu ikawa hongo ya milioni 24.

Maneno ya mwisho ya sentensi ya bodi, yale ya mabadiliko katika utendaji wa kampuni, yamethibitika kwa namna ambayo mwaka 2013 isingekadiriwa: Walmart imesema ilitumia zaidi ya dola milioni 900 katika uchunguzi wake na katika kujenga upya mfumo wake wa uzingatiaji wa sheria, zaidi ya mara tatu ya ilicholipa serikalini.

Kilichobadilika kwa upande mwingine ni njia waliyoipita waandishi. Vibali vya ujenzi karibu na maeneo ya kale nchini Meksiko hutolewa na taasisi ya shirikisho, na kumbukumbu zake ziliweza kudaiwa kwa sheria ya uwazi iliyoanza kutumika mwaka 2003, chini ya taasisi iliyopewa baadaye uhuru wa kikatiba wa kuilazimisha ofisi inayokataa. Taasisi hiyo, INAI, ilifutwa kwa mageuzi ya katiba ya mwishoni mwa 2024, na kufikia Machi 2025 majukumu yake yalihamishiwa katika wizara ya serikali kuu inayoshughulikia kupambana na rushwa. Marekani nayo, Februari 2025, ilisimamisha kwa muda utekelezaji wa sheria yake ya 1977 kwa amri ya rais, kisha ikatoa miongozo mipya mwezi Juni. Mwandishi anayetaka leo kuweka tarehe za malipo kando ya tarehe za vibali vya shirikisho nchini Meksiko, akinyimwa faili na ofisi ya serikali kuu, atakata rufaa kwa ofisi nyingine ya serikali kuu hiyohiyo.